Samaki Asiye na Mahali

Leningrad, 14 Novemba 1978

Shangazi Khandama,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila mke wangu Lidia ana kikohozi kilichokaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mjukuu wako Aryuna ameota jino la mbele na anamwonyesha kila mtu anayepanda ngazi za jengo letu. Goti lako vipi? Ng'ombe je? Tangu tumzike baba mwezi wa Julai sijapata usingizi wa maana, lakini hilo tutaliongea tukionana.

Sasa jambo lenyewe. Unaikumbuka ile chupa ya samaki niliyoitoa dirishani kwako siku ya mwisho ya matanga, iliyokuwa katikati ya matango ya siki na mafuta ya taa? Ulisema, "Ichukue tu, inanitazama." Nimemchunguza yule samaki wiki tatu. Ni wa jamaa ya paji-pana wa kilindini, wale wasioishi kokote duniani ila kwenye ziwa letu la baridi tunaloliita bahari. Aina nyingi zinajulikana. Huyu, Shangazi, hajulikani. Macho kama punje za mtama, mwili wa waridi unaopitisha mwanga, na miiba ya mapezi yake nimeihesabu mara nane kwa kutoamini. Hakuna aliyewahi kumwandika kwenye vitabu vya sayansi.

Ili nimwandike, lazima niseme alivuliwa wapi, siku gani, na kina gani. Kwenye chupa umebandika karatasi yenye maneno "Oktoba 71" basi. Profesa wangu aliitazama akasema, "Samaki asiye na mahali ni kitoweo." Kitabu cha kutangaza aina mpya kinafungwa Septemba mwakani. Wewe ulikuwa mpishi wa meli ya utafiti, na baba ndiye aliyekuwa akiendesha winchi ya kushusha na kupandisha wavu. Najua unakumbuka. Wewe unakumbuka hata nani alirudisha sufuria bila mfuniko mwaka wa hamsini. Mistari miwili inanitosha.

Mwanao,
Solbon


Olkhon, 27 Desemba 1978

Mwanangu Solbon,

Marahaba. Barua yako imelala ng'ambo karibu mwezi mzima. Kivuko cha kuja kisiwani kilikuwa kimesimama, barafu haijashika, na bwana posta wetu, aliyekwama kule, aliukalia mfuko wa barua kama kuku anayeatamia mpaka barafu iliposhika juzi. Lidia mpe maziwa moto na mafuta ya kondoo, asikatae kwa sababu ya harufu. Jino la Aryuna limenifurahisha. Upepo umeng'oa upande mmoja wa paa la banda, nimeligongomelea mwenyewe kwa goti hilohilo unaloliulizia. Ng'ombe mkubwa amekauka. Huyu mdogo anatoa ya chai na ya kumpelekea Mzee Innokenti kila Jumamosi kama kawaida.

Kuhusu yule samaki: alivuliwa baharini. Nilimtia kwenye nusu chupa ya vodka ya nahodha Lavrenti, Mungu amrehemu, akaninunia siku mbili. Hilo nalikumbuka vizuri.

Shangazi yako,
Khandama


Leningrad, 20 Januari 1979

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya mwaka. Kikohozi cha Lidia kimepona, mafuta ya kondoo yamebaki kwenye mapazia.

Alivuliwa baharini. Ahsante sana. Nilikuwa nadhani alichumwa mtini.

Bahari yetu ina urefu wa zaidi ya kilomita mia sita, Shangazi. Nimwambie profesa "mahali fulani humo"? Kama umesahau sema umesahau, sitakulaumu. Lakini kama unakumbuka vodka ilikuwa nusu chupa, na nahodha alinuna siku mbili wala si tatu, utanisamehe nikisema hujasahau.

Nitawaandikia watu wa kituo cha utafiti wanipe nakala ya daftari la safari za meli la mwaka huo. Nilitaka kukuokolea usumbufu wa kuandika.

Solbon


Olkhon, 28 Februari 1979

Mwanangu,

Mwezi Mweupe, mwaka wetu mpya, umetufikia salama. Nimefunga nyama kwenye unga, nimepika buuza mia na hamsini, wamekuja watu sita. Nimekula buuza mpaka naziota. Barabara ya barafu ni nzuri mwaka huu, malori yanapita mpaka bara. Nitumie sindano za cherehani namba tisini, hapa dukani wanauza za kushonea mahema.

Daftari la nini, Solbon? Nahodha amekufa. Baba yako amekufa. Watu wa kituo wana kazi zao. Kwenye ukuta wao wameitundika picha ya nahodha Lavrenti na medali zake, na mjane wake Agrafena anakwenda kuifuta vumbi kila Jumatatu. Ukianza kuomba madaftari watu watauliza unatafuta nini.

Kama ni lazima sana, andika "karibu na rasi." Usinichokonoe tena.

Khandama


Leningrad, 18 Machi 1979

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sindano zimo humu ndani, namba tisini, Lidia amepanga foleni kwa muda wa saa mbili.

"Karibu na rasi." Nimehesabu rasi kwenye ramani, nilipofika sitini nikaenda kulala.

Nakala ya daftari imefika. Kwa mwandiko wa nahodha mwenyewe imeandikwa kwamba tangu tarehe tisa mpaka kumi na moja Oktoba 1971 meli ilitia nanga kwenye ghuba ya magharibi, upande wa bara, ikijificha na dhoruba, na wavu haukushushwa. Oktoba nzima hamkutoka safari nyingine. Ghuba ile haifiki mita hamsini kwenda chini. Samaki huyu angeletwa huko angekufa kabla hajajua yuko wapi.

Kwa hiyo kuna anayedanganya. Ni daftari, au ni wewe, au ni samaki. Samaki simshuku.

Nimekulia mgongoni kwako, Shangazi. Mama alipofariki ni wewe uliyenifunga viatu. Hujawahi kunificha kitu zaidi ya sukari. Kuna nini?

Solbon


SIMU YA MAANDISHI, OLKHON, 2 MEI 1979

SINDANO NIMEPATA. DAFTARI LIACHE. BARUA YAJA. KHANDAMA


Leningrad, 4 Juni 1979

Shangazi, shikamoo. Barua haijaja.

Solbon


Olkhon, 24 Juni 1979

Mwanangu Solbon,

Marahaba. Barafu iliondoka mwishoni mwa Mei, kwa kishindo, ikatuachia ufuko mchafu. Ng'ombe amezaa dume, nilikuwa nataka jike. Goti limevimba, na utaona hapa chini kwa nini.

Barua niliianza mara nne nikaitia jikoni motoni. Nikajiambia kuna njia ya mkato. Nitakwenda palepale tulipompata, nimvue mwingine wa tarehe ya mwaka huu, tarehe isiyo na kesi, nikutumie, na wewe uninyamazie. Meli ina nahodha mpya, Gleb, kijana wa miaka thelathini anayetapika upepo ukivuma kidogo. Nilimwambia nataka kupaona mahali kaka yangu alipopapenda. Akanionea huruma, akanichukua tarehe kumi na tatu. Tulishusha wavu mara mbili, nimesimama pale winchini kwa muda wa saa saba na goti langu. Tulipata paji-pana kumi na mmoja. Nimewageuza mmoja mmoja. Yule hayumo. Yule uso wake nimeishi nao miaka saba dirishani, siwezi kumkosea. Gleb akasema, "Mama, samaki ni samaki." Nilitaka kumtupa majini.

Basi kaa chini nikuambie.

Oktoba ile tulitoka na mtaalamu mmoja tu, tena anaumwa jino, shavu limejaa kama buuza. Harusi yako ilikuwa tarehe kumi na sita. Wakwe zako watu ishirini walikuwa wanakuja kutoka Irkutsk, na baba yako alikuwa na kondoo wawili na magunia ya viazi. Miaka ile kumvua omul, samaki wa meza zote za harusi, kulikuwa marufuku, hata kumtaja ilibidi ufunge mlango. Baba yako akamwendea nahodha, mimi nipo pale namenya vitunguu.

"Lavrenti, nimwozeshe mwanangu kwa viazi?"

Nahodha akakuna ndevu. "Nyavu unazo?"

"Ziko chini ya makaa."

"Bazar, wewe ni mshenzi," akamwambia, na akageuza usukani.

Mtaalamu tulimpa dawa ya jino na glasi mbili juu yake, akalala kama maiti. Tulizunguka mashariki mwa kisiwa, tukatega nyavu kwenye kijighuba chini ya Rasi Izhimei. Kukaa pale kungetufanya tuonekane wezi, kwa hiyo nahodha akaipeleka meli maili tatu nje, akasema tushushe wavu wa kilindini, ili chombo kingine kikipita kione tuko kazini. Waya ulitoka mita elfu moja na mia mbili, baba yako aliuhesabu kwa sauti. Ulipanda na tope tupu na samaki mmoja. Ilikuwa tarehe kumi, asubuhi. Hayo ndiyo uliyoyataka.

Omul tulipata mapipa matatu. Watu mia na ishirini walikula. Wewe ulikula vipande vitano, nilikuwa nakuwekea mimi.

Wiki mbili baadaye akaja mkaguzi. Mtu wa mjini alikuwa amejisifu kazini kwamba harusini hapa Olkhon alikula omul mpaka akafungua mkanda. Mkaguzi akaenda moja kwa moja ghalani kwa Innokenti, aliyekuwa akitunza mapipa ya omul ya serikali, akafungua daftari, akakuta mapipa hayalingani. Madaftari ya ghala lile hayajawahi kulingana tangu vita, Solbon, kila mtu anajua! Lakini samaki walikuwa wameliwa na ilibidi apatikane aliyewatoa. Innokenti akafukuzwa kazi. Mpaka leo anachochea moto kwenye bafu la umma, na watoto waliozaliwa juzi wanamwita Mapipa bila kujua sababu.

Tulinyamaza. Kwanza tulisema tutasema wakimshtaki mahakamani. Hawakumshtaki. Halafu tukasema tutasema baada ya msimu. Halafu ikawa aibu ya kuchelewa ni kubwa kuliko aibu yenyewe. Baba yako hakuwahi kulitaja tena, ila kila Jumamosi aliniuliza, "Umempelekea maziwa?" Hata wiki ile ya mwisho, akiwa hawezi kushika kijiko, aliuliza.

Ukichapisha Rasi Izhimei na tarehe kumi, kitabu kitafika kituoni, watakilinganisha na daftari, na itajulikana. Nimekuambia kama mwanangu. Sasa andika kwamba samaki ameoza, umalize.

Khandama


Leningrad, 12 Julai 1979

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea jikoni nikiwa nimesimama. Lidia aliniuliza kuna msiba gani, nikampa asome. Alisema, "Mimi nilikula vipande viwili na nikaomba cha kufunga nikale garini."

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Nyinyi watatu, mmemwacha mtu mzima aitwe mwizi kwa ajili ya meza yangu. Halafu wewe miezi minane unaniandikia habari za paa na ndama! Nilidhani namsumbua mzee juu ya samaki, kumbe ulikuwa unanificha mimi nisijione.

Sitaandika kwamba ameoza. Wala sitaandika ghuba ya daftari, maana huo ni uongo utakaokaa maktabani miaka mia. Lakini pia sitaki Mzee Innokenti ayasome haya kwenye kitabu cha samaki kabla hajaambiwa na mtu. Nenda kwake. Usipoweza, nitumie simu ya maandishi nipande treni niende mwenyewe. Siandiki neno mpaka nisikie.

Unisamehe ukali. Goti lifunge kwa sufu ya mbwa.

Solbon


Olkhon, 20 Agosti 1979

Mwanangu,

Marahaba. Majani tumekata, mvua ikayalowesha, tumeyageuza, ikanyesha tena. Nimeacha kuitazama mbingu.

Nilikwenda. Ilinichukua Jumamosi mbili, ya kwanza nilifika langoni nikarudi. Ya pili nilimkuta Innokenti anapasua kuni nyuma ya bafu. Nikaweka gudulia la maziwa juu ya kisiki, nikasema kabla ulimi haujaganda:

"Innokenti, yale mapipa hayakutoka ghalani kwako."

Akaendelea kupasua. "Najua."

"Unajua?"

"We mama, mtunza ghala nilikuwa mimi. Nisijue kilichomo ghalani mwangu?"

"Na waliowavua unawajua?"

"Nilikula kwenye harusi ya mtoto wa Bazar, mwendesha winchi wa meli. Niliwekewa sahani na wewe. Ulitaka nidhani omul wamenyesha?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Hapo ndipo alipotupa shoka chini. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti, hata siku ile ya mkaguzi.

"Mimi niseme? Mimi? Mwizi ndiye atoe ushahidi? Nimewangoja nyinyi miaka minane! Na haya maziwa yako, Khandama! Maziwa yananivuruga tumbo tangu utoto. Mbwa wangu amenenepa mpaka anabweka kwa kuegemea ukuta. Kila Jumamosi nakuona unakuja, najisemea, leo atasema. Unaweka gudulia, unasema 'baridi leo,' unaondoka. Baridi leo! Hata Julai!"

Nikamuuliza anataka nini, maana msamaha sikuthubutu kuuomba.

"Iandikwe," akasema. "Na uisome mwenyewe, kwenye mkutano wa ushirika, mbele ya hao wanaoniita Mapipa. Usiyatafune maneno."

Niliiandika usiku mmoja, nikaisoma tarehe kumi na moja. Ukumbi ulijaa kwa sababu ilitangazwa kwamba kutagawiwa makaa. Nilipofika kwenye jina la Lavrenti, mkewe Agrafena alisimama akatoka na kiti kikaanguka. Nilipofika kwenye jina la baba yako, nikanywa maji, nikasoma tena kutoka mwanzo wa mstari. Nilipomaliza mwenyekiti akauliza kama kuna swali, mara mbili, akawa anakusanya karatasi zake.

Innokenti akasimama nyuma kule, kofia mkononi.

"Sina swali," akasema. "Waliokula wasimame."

Wa kwanza kusimama ni muuguzi wa zahanati. Halafu bwana posta, anatazama viatu vyake. Halafu mmoja mmoja, na kati ya mmoja na mwingine unaweza kuchemsha chai. Mwenyekiti alisimama wa mwisho. Walioshiriki harusi yako na bado wako hai hapa kisiwani hawapungui arobaini, na wote walikuwemo ukumbini, nawajua kwa majina na sahani. Innokenti aliwahesabu kwa kidole.

"Tisa," akasema. Akavaa kofia, akatoka. Hakusema ahsante, hakusema amesamehe.

Mwenyekiti amempa barua ya kumsafisha jina, yenye mhuri. Ameirudisha. Wameandika jina lake kwa herufi moja pungufu, amesema ameitwa jina la uongo vya kutosha. Wanaichapa upya. Agrafena hanisalimii, tukikutana dukani anasoma maandishi ya makopo mpaka nipite. Picha ya mumewe bado ipo ukutani, na mimi sitaki itolewe. Alikuwa nahodha mzuri. Alifanya na lile.

Andika samaki wako sasa. Umeshanimaliza.

Khandama


Leningrad, 6 Septemba 1979

Shangazi yangu,

Shikamoo. Aryuna ameanza darasa la kwanza na jana kaumwa na mwenzake, naye kamuuma, kwa hiyo wamekuwa marafiki. Lidia anakusalimu sana.

Kazi nimeikabidhi jana, ikiwa imebaki siku tatu kufunga. Profesa alisoma maelezo ya samaki mara moja na maelezo ya mahali mara mbili. Akauliza, "Daftari la meli linasema vingine?" Nikamwambia daftari lilidanganya na waliokuwepo wamesahihisha hadharani. Akanitazama, akatia sahihi. Karatasi iliyomo kwenye chupa mpya nakunakilia hapa kama ilivyo:

Maili tatu mashariki ya Rasi Izhimei, kisiwa cha Olkhon. Asubuhi ya tarehe 10 Oktoba 1971. Waya mita 1,200. Wavu ulishushwa na nahodha Lavrenti na Bazar, mwendesha winchi. Samaki alihifadhiwa na Khandama, mpishi.

Nimepata likizo ya siku kumi, treni inaondoka keshokutwa. Barua hii huenda ikafika baada yangu, kwa jinsi ninavyomjua bwana posta wenu, lakini ikitangulia, nakuomba usinichinjie kondoo na usimwite mtu. Nenda kwa Mzee Innokenti umwambie asiache kuhesabu. Wa kumi ni bwana harusi mwenyewe. Wa kumi na moja ni bi harusi, yuko naye, na ana kipande kimoja zaidi alichokwenda kukila garini.

Solbon